Shauri la Mbao na Dirisha Langu

Jumatatu, 9 Juni

Nimevamiwa. Neno jepesi zaidi ya hilo sitalitumia. Asubuhi nilifumbua macho nikaona giza, nikaamini bado ni usiku, nikajifunika tena. Nilipotoka hatimaye, jua lilikuwa limepanda, na Shangazi alikuwa ameshafua, ameshaanika na amekaa kibarazani akinitazama kama mtu anayetazama vichekesho. Giza lile halikuwa la Mungu. Lilikuwa la Seremala.

Jirani huyo, ambaye karakana yake imetengwa na nyumba ya Shangazi kwa kichochoro chembamba, ameegemeza mbao kwenye ukuta wetu, tangu chini hadi karibu na paa, na dirisha la chumba changu limemezwa. Ni dirisha langu la pekee. Mbele yake ndipo ninapojiandaa kwa mtihani wa marudio wa somo la mwenendo wa madai, somo ambalo mhadhiri wangu alinifelisha kwa sababu za kiitikadi nilizozieleza kwa kirefu kwenye ubao wa matangazo wa chuo.

Nilimwendea. Nilimweleza kwa utulivu kwamba nuru si fadhila ya mtu kwa mtu, bali ni haki iliyotangulia dola yenyewe. Alizima msumeno ili anisikie vizuri, jambo ambalo nadhani alilijutia. Nilipomaliza aliniuliza kama nimekunywa chai. Kisha akasema, Wakili, tulia, mbao zinakauka, zikishakauka zitaondoka zenyewe. Nikamuuliza zitaondokaje zenyewe, zina miguu? Akasema zitakuwa nayo, tena minne minne. Mafundi wenzake wakacheka hadi wakashika meza. Sikuona cha kuchekesha.

Mchana, tukila, Shangazi alitaka kuniambia jambo kuhusu mbao hizo. Nilimwomba asubiri nimalize hoja. Hoja haikumalizika.

Nimeamua. Nitashtaki.

Jumanne, 10 Juni

Nimeandika hati ya madai kutwa nzima kwa tochi ya simu, mchana mweupe, kama mpigania uhuru pangoni. Nimeianza na kuumbwa kwa jua. Nimepita kwenye falsafa ya umiliki, nikagusa historia ya madirisha, na kufikia alasiri nilikuwa sijamtaja Seremala hata mara moja. Nguvu ya hoja ndiyo hiyo: mdaiwa anaingia jukwaani wakati hukumu imeshajiandika.

Shangazi aligonga mlango akiwa na kamba ya kupimia. Lazima nieleze. Shangazi amefundisha watoto katika shule za watu wengine tangu kabla sijazaliwa, na sasa anafungua chekechea yake mwenyewe katika vyumba vya mbele. Watoto wameshaandikishwa. Kinachosubiriwa ni mkaguzi wa shule, anayekuja wiki ijayo, na kibali chake. Basi aliniuliza kama nadhani watoto wanne wanaweza kuketi bila kubanana kati ya mlango na kabati. Nilimjibu kwamba swali la msingi ni nani mwenye mamlaka juu ya mwanga. Akasimama kidogo. Akasema, haya baba, na kuhusu zile mbao... Nikainua kidole kumwonyesha kwamba niko katikati ya sentensi. Ilikuwa sentensi ndefu. Nilipoinua kichwa alikuwa ameondoka.

Jumatano, 11 Juni

Nimefungua shauri.

Mahakama ya mtaa wetu ni jengo la vyumba viwili lenye mabenchi nje na feni ndani isiyozunguka. Karani ni mama mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Aliipokea hati yangu, akaipima kwa mkono kama mtu anayenunua viazi, akaniuliza ni shauri moja au nimekuja na ukoo wake mzima. Alitaka nimwambie kwa sentensi moja ninalalamikia nini. Nilikataa. Nilimwambia kuna dhuluma ambazo haziingii katika sentensi moja. Mzee aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akasema yake inaingia, kwa hiyo nipishe. Sikupisha.

Karani aliandika kwenye jalada, kwa mkono wake mwenyewe, bila ridhaa yangu: "Dirisha." Maelezo ya kutwa nzima, kayafanya neno moja.

Hata hivyo nilimshinda palipo muhimu. Pamoja na hati nimewasilisha ombi la dharura. Nimeomba amri ya muda kwamba mbao husika zisiguswe, zisihamishwe, zisipunguzwe wala kuongezwa na mtu yeyote, hadi shauri litakaposikilizwa. Mantiki iko wazi kwa mwenye akili. Mbao ndizo ushahidi. Nikimwachia Seremala aziondoe, atasimama mbele ya hakimu na kuuliza, mbao zipi? Karani aliisoma karatasi hiyo mara mbili. Aliniuliza, kijana, una hakika? Nikamwambia sijawahi kuwa na hakika kama leo. Akagonga muhuri.

Jioni Shangazi alizungumza nami kupitia mlangoni. Nilikuwa najizoeza hotuba ya kufungia kesi na sikumsikia vyema.

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi ushindi. Jioni, sijui niite nini.

Hakimu ameitoa amri yangu, neno kwa neno. Utaratibu wa mahakama hii ni kwamba mdai ndiye anayemwongoza tarishi hadi mlangoni kwa mdaiwa, ili wito usiende kwa mtu asiyehusika. Nilitarajia mwendo wa heshima. Tarishi wetu ni mtu wa makobazi na salamu. Alisimama kwa kila aliyemfahamu, na anamfahamu kila mtu, na kila mmoja alielezwa naye kwamba anampeleka kijana huyu aliyemshtaki jirani yake. Fundi viatu aliniuliza kama ni kweli. Muuza magazeti alitaka kujua ni yule Seremala wa kilema cha kidole au mwingine. Tulipofika kichochoroni tulikuwa na msafara kama wa harusi.

Seremala aliupokea wito kwa mikono miwili. Alifuta vumbi la mbao kwenye benchi, akamkaribisha tarishi aketi, akaagiza chai, kisha akasoma kwa sauti tangu juu hadi chini, akipumzika penye mihuri. Alisema tangu azaliwe hajapata barua nzuri namna hii. Tarishi alikunywa vikombe viwili. Mimi nilisimama. Nilitaka kuondoka, lakini nilihofia kwamba kuondoka kungetafsiriwa kisheria.

Baadaye nilipopita, wito ulikuwa umetundikwa juu ya meza yake ya kazi, ndani ya fremu yenye nakshi. Aliniambia imebidi atumie vipande vya ndani, maana vya nje amekatazwa kuvigusa. Wakili, alisema, naiheshimu sheria mimi.

Saa ya kuwasha taa Shangazi akaja chumbani kwangu. Alikuwa ametoka karakanani kuuliza kazi inaanza lini, na Seremala alimwonyesha fremu. Alikaa kitandani, gizani, mikono mapajani. Akasema, "Baba, zile mbao ni zangu. Ni madawati ya watoto."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia Jumatatu, akaniambia Jumanne, na Jumatano aliniambia kupitia tundu la ufunguo.

Mkaguzi anakuja Alhamisi ijayo. Akikuta watoto hawana pa kuketi, hakuna kibali, na hatarudi hadi mwakani. Shangazi alisema hayo yote kwa sauti ile ile anayotumia kuniambia chakula kiko mezani. Ningependelea afoke.

Nimetafakari. Ukweli huu ni mchungu, lakini haugusi kanuni.

Ijumaa, 13 Juni

Kanuni imebaki. Hata hivyo nimekwenda mahakamani kulegeza kidogo.

Nilimweleza karani kwamba mimi, mdai, kwa hiari na kwa moyo mkunjufu, naruhusu mbao ziondolewe. Akasema siwezi kuruhusu. Amri si yangu, ni ya mahakama, na wa kuitengua ni hakimu, na hakimu yuko kituo kingine hadi Jumanne. Nilimwambia nashangazwa na taasisi ya umma kung'ang'ania amri ya kipuuzi kiasi kile, isiyojali maisha ya watu. Akashusha miwani. Akaniuliza nani aliiandika.

Nilimwambia huo si ubishi wa kisheria bali ni kejeli. Akasema, "Mwanangu, nenda nyumbani ukamsaidie shangazi yako." Nani aliyemwambia nina shangazi? Tarishi, bila shaka. Hakuna usiri wa mashauri katika nchi hii.

Jumapili, 15 Juni

Nyumba imenuna. Shangazi alinipakulia bila kuniuliza kama inatosha. Katika familia yetu hilo ni tamko rasmi.

Mama mmoja wa mtaani alikuja na binti yake wa kuandikishwa. Alisimama mlangoni akatazama vyumba vitupu, akauliza kwa upole kama ni kweli shule imefungwa na mahakama. Shangazi akasema haijafungwa, imechelewa. Yule mama akasema anaelewa, ila kuna chekechea nyingine kule barabarani, na mtoto hasubiri. Alipoondoka Shangazi alifagia chumba ambacho alikuwa amekifagia tayari.

Sikukaa kimya. Nilimpa mapendekezo. La kwanza, watoto wasome wamesimama, jambo linalojenga uti wa mgongo na ari ya kupinga dhuluma. La pili, niandike waraka wa kumfichua mkaguzi kama chombo cha urasimu. Shangazi alisema asante baba, kwa sauti ambayo mtu huitumia kumwambia muuzaji kwamba hanunui.

Alasiri Seremala akaja kibarazani. Ameitwa mdaiwa na mimi, na bado anakuja kwetu kunywa maji. Alisema jambo hili mbona dogo. Tuzichukue tu hizo mbao, tukate, tupige misumari, nani atajua? Shangazi akanitazama. Seremala akanitazama. Nikasema nitajua mimi, na kwamba kuvunja amri ya mahakama ni dharau isiyosameheka, na kwamba kama mdai ninao wajibu wa kuripoti.

Seremala akamwambia Shangazi, "Dada, huyu ulimlea mwenyewe au uliletewa?" Shangazi akasema aliletewa, kwa likizo tu.

Jumanne, 17 Juni

Shauri limesikilizwa. Neno "limesikilizwa" nimeliandika kwa uchungu.

Nilivaa koti la marehemu babu, linalonipwaya mabegani lakini lina hadhi. Shangazi alikaa benchi la nyuma na mkoba wake mapajani. Seremala alikuja na penseli nyuma ya sikio. Hakimu ni mwanamke wa makamo, mwenye kalamu asiyoiacha, na jalada lenye neno "Dirisha" lilikuwa mbele yake peke yake, bila hati yangu. Hati ilikuwa sakafuni. Ilikuwa imezuia mlango usijifunge.

Akaniuliza ninataka nini.

Nilianza na jua. Akaniambia jua analijua. Nikaruka hadi falsafa ya umiliki. Akasema, kijana, sitaki ulichokisoma, nataka unachokitaka. Ni swali la ajabu kuulizwa mahakamani. Nilisimama pale nikiwa na hoja zote duniani, na jibu la swali lile halikuwamo katika hata moja. Nikasema nataka haki. Akauliza haki hiyo ikiletwa nyumbani kwenu itawekwa wapi.

Watu walicheka. Ninasajili hapa kwamba hakimu hakuwakemea.

Akamgeukia Seremala. Seremala akasema yeye, Mheshimiwa, hana neno, anataka kutengeneza madawati ya chekechea ya dada huyu hapa, ila mbao zimekatazwa. Hakimu akauliza nani aliyezikataza. Mahakama nzima ilinigeukia, hata tarishi, aliyekuwa amesinzia. Hakimu akaisoma amri upya, polepole. Kisha akauliza kama nimeelewa vizuri: kwamba nilikuja kulalamika mbao ziko dirishani pangu, na kuiomba mahakama ihakikishe mbao zinabaki dirishani pangu.

Nilisema ni kwa ajili ya ushahidi.

Hapo Shangazi alisimama. Hakuitwa. Alishika mkoba kwa mikono miwili. Alisema yeye ndiye mwenye mbao, mwenye ukuta, mwenye nyumba na mwenye mtoto huyu, na kwamba ameomba nafasi hii maisha yake yote, si ya kusimama mahakamani, bali ya kuwa na darasa lake mwenyewe. Alisema mkaguzi anakuja keshokutwa. Halafu akakaa. Sikuwahi kumsikia akisema "maisha yangu yote" juu ya kitu chochote.

Hakimu aliitengua amri. Akauliza kama nakubali mbao ziondolewe leo hii na shauri liishe kwa suluhu. Nilisimama kupinga, kwa kuwa mdaiwa bado hajakiri kosa. Shangazi akasema, "Keti, baba." Niliketi. Goti ndilo lililoketi, mimi nilifuata.

Suluhu imeandikwa: mbao zitaondolewa, na mdai, kwa kuwa ndiye aliyechelewesha kazi, atamsaidia mdaiwa kuimaliza. Nimeshinda shauri na nimehukumiwa. Hakuna kitabu cha sheria kinachoeleza jambo hili.

Jumatano, 18 Juni

Msasa unakula vidole. Nimesugua mbao tangu asubuhi hadi jioni. Seremala amenifundisha kufuata mwelekeo wa nyuzi za mti, nami nikamweleza kwamba ubao, kama umma, husuguliwa ili kuondolewa uwezo wake wa kuchoma. Akasema sawa, lakini nisugue na pembe.

Ananiita Mheshimiwa Msasa sasa. Mafundi wenzake wameiga. Aliyekuwa akipiga misumari aliniuliza kama naweza kumshtakia mkwewe, na wote wakashika meza tena.

Jioni tuliyaingiza madawati. Mafupi sana, kama ya sungura. Matatu hayajapakwa vanishi. Shangazi alipita katikati yao, akiyagusa moja moja kwa ncha za vidole, akayasogeza yaliyokuwa yamenyooka tayari. Nikamwambia nimesugua yote ya safu ya mbele. Akaniambia anaona. Aliniuliza kama chakula kinatosha.

Alhamisi, 19 Juni

Mkaguzi ni mtu mrefu. Alikaa kwenye dawati mwenyewe, magoti yakafika masikioni, akalitikisa kulia na kushoto. Halikulia. Akahesabu, akaandika, akachungulia choo, akachungulia jiko. Shangazi alimfuata hatua moja nyuma, kama mwanafunzi.

Kisha akasema chumba cha pili cha mbele kina giza, na hawezi kukipitisha kuwa darasa. Uso wa Shangazi ulikuwa kama wa mtu aliyefika kituoni akaliona gari likiondoka. Mkaguzi akauliza kama hakuna chumba kingine. Kabla mtu hajajibu akafungua mlango wangu.

Mwanga. Ulijaa chumba chote, ukutani, kitandani, juu ya vitabu vyangu vya sheria. Mkaguzi akasema, hiki mbona kizuri sana, kwa nini mmekificha? Nikasema chumba hicho kina mtu, na mtu huyo anazo haki. Mkaguzi akauliza mtu gani. Shangazi akamwambia kwamba mwanga huo, Mheshimiwa, umepatikana kwa njia ya mahakama, na kwamba aliyeupigania ni huyu hapa, na ni mpwa wake, na anapenda watoto.

Sikuwahi kusema napenda watoto.

Kibali kimetolewa. Shangazi alikisoma akiwa amesimama, akakisoma tena amekaa, kisha akaenda jikoni na hakutoka kwa muda. Kitanda changu kimehamishiwa stoo. Seremala alibeba upande mmoja, mimi mwingine. Stoo haina dirisha, kwa hiyo haiwezekani kuliziba. Seremala ndiye aliyenifariji hivyo.

Jumatatu, 23 Juni

Shule imefunguliwa. Wamekuja wote walioandikishwa, hata binti wa yule mama aliyetaka kwenda barabarani. Kelele haielezeki. Shangazi amevaa gauni lake la kijani na anatembea kati ya madawati kama mtu anayetembea ndani ya nyumba aliyoiota.

Nilikusudia kukaa stoo nijisomee. Lakini kabla ya saa ya uji nilisikia kilio, nikatoka. Binti yule mdogo alikuwa amesimama pembeni ya dawati. Alikuwa amekwenda chooni, na aliporudi mvulana mwenye suruali ya mistari alikuwa ameketi mahali pake. Shangazi alikuwa tayari ameinama, ameshika bega la mvulana, anataka kumwambia asogee kidogo, wakae wote wawili, yaishe. Nafasi ipo. Hilo hata mimi nililiona.

Nikamwambia Shangazi asubiri. Nilimweleza kwamba kusogea ni kukiri kwamba mvamizi ana haki ya sehemu. Leo nusu ya dawati, kesho dawati lote. Shangazi alifumba macho kwa muda. Kisha akaitwa na mtoto mwingine aliyemwaga rangi, akaenda.

Nikachuchumaa. Nikamuuliza binti kama anafahamu kwamba aliyotendewa ni dhuluma. Akaacha kulia ili anisikilize, heshima ambayo hakimu hakunipa. Nikamweleza asikubali suluhu yoyote, hata akipewa biskuti. Mvulana wa suruali ya mistari, aliyesikia neno biskuti, alisogea mwenyewe na kupiga ubao kwa kiganja, kumwonyesha akae. Binti alitaka kwenda. Nikamzuia kwa upole. Nilimwambia tusiharibu ushahidi.

Hati ni fupi safari hii, nimeimaliza kabla hawajanywa uji. Mteja wangu bado hajui kuandika. Ameweka dole gumba, kwa rangi ya maji, ya zambarau, aliyoichagua mwenyewe.